Kabla Hujatuma Pesa za Rimu, Omba Picha ya Tairi

Msimamo wetu tunauweka mezani mapema: kama gari la spoti ndilo linalokwenda kazini, sokoni na hospitalini kila siku, pesa ya kwanza iende kwenye matairi, ya pili kwenye shokapu, ya tatu kwenye rimu. Kulishusha kuje mwisho kabisa, na mara nyingi kusije.

Wengi wetu tunaijua hadithi hii. Umejinyima ukanunua Subaru Impreza WRX, zile za miaka ya 2000. Gari liko Nairobi au Mombasa, analiendesha mdogo wako, wewe uko Muscat nyumbani kwa watu au Doha kwenye jengo la ghorofa. Simu inaingia: "Kuna rimu za 18 na springi fupi, jamaa anauza haraka, tuma leo." Na kwa kuwa gari ni ndoto yako pia, mkono unakwenda wenyewe kwenye simu. Hapo ndipo jasho la mwezi mzima linapogeuka pambo.

Hatusemi ni dhambi kupenda gari zuri. Mtu mzima ana haki ya kufurahia jasho lake. Tunachosema ni kwamba gari zima linagusa barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu na ukubwa wa kiganja. Injini yenye nguvu juu ya mpira mbovu ni hatari kuliko injini ndogo juu ya mpira mzuri. Na anayekaa kiti cha nyuma ni mtoto wako.

Tuanze na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, maana ukizijua hutadanganywa hata ukiwa mbali. Baadhi ya WRX za wakati ule zilikuja na 205/55R16. Hiyo 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni asilimia: urefu wa ubavu ni 55 kwa 100 ya upana, yaani kama milimita 113. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mbele yake utakuta kitu kama 91V: 91 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615, na V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa.

Sasa chukua hizo rimu za 18 uzivishe 225/40R18. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, lakini ubavu umebaki milimita 90. Umepoteza milimita 23 za mpira, na mpira huo ndio uliokuwa unapokea kishindo cha shimo. Ukiingia shimo la maana, rimu inapinda au inapasuka, au tairi linaota uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe haliponi kwa kiraka. Ni la kutupwa. Wanaokuuzia rimu kubwa hawakutajii hesabu ya shimo la kwanza.

Kama roho inataka kubadilisha, ishia 17. Saizi ya 225/45R17 inabakiza ubavu wa milimita 101, na STI ya umbo hilohilo ilitoka kiwandani nayo. Gari linapendeza, na barabara bado inavumilika.

Halafu uliza kama rimu zinafunga. WRX ya miaka ile ina nati tano kwenye duara la milimita 100, huandikwa 5x100. Rimu za Toyota Altezza ni 5x114.3, hazifungi. Hata STI za modeli ya 2005 kuendelea zilihamia 5x114.3, kwa hiyo neno "za Subaru" peke yake halitoshi. Tundu la katikati la WRX ni milimita 56.1, rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi inataka pete ya kujazia, la sivyo usukani unaweza kutetemeka. Na rimu inayotokeza nje kupita kiasi inakwangua bodi na kuchosha beringi. Asiyeweza kukujibu maswali haya hajajiandaa kupokea pesa yako.

Jambo jingine la Impreza: magurudumu yote manne yanavuta. Matairi yote manne yawe saizi moja na yawe yamelika kwa kiwango cha karibu sawa. Ukiweka mawili mapya na mawili yaliyokwisha, yanazunguka kwa hesabu tofauti, na difu ya katikati ndiyo inayolipa deni hilo. Kwa hiyo akiba ya matairi ya gari hili ni ya manne kwa mpigo. Weka kidogo kila mwezi kama unavyoweka ada ya shule, usisubiri simu ya dharura.

Sasa huo utaratibu wa picha. Kabla hujatuma chochote, mwambie bwana mdogo akupigie picha nne za WhatsApp: saizi ya tairi, tarehe ya kutengenezwa, kina cha kashata, na ndani ya rimu palipoandikwa vipimo. Tarehe ni namba nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yana kashata nene na sura ya upya, lakini mpira unazeeka hata ukilala stoo, na joto la Ghuba linauzeesha upesi zaidi. Ndiyo maana hata wewe unayeokota matairi Sharjah ili uyatie kwenye kontena la nyumbani, soma tarehe kwanza. Usilipe kago kusafirisha uzee.

Tuje kwenye kushusha. Springi fupi za milimita 30 zikifungwa kwenye shokapu zilezile za zamani, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, na kwenye kila tuta inagonga mwisho wake. Ikiwa ilikuwa imechoka, inakufa. Magurudumu nayo yanainama kwa juu kuingia ndani. Usipofanya alaimenti upya, matairi yanalika upande wa ndani ambapo macho hayafiki, mpaka siku waya zinatokeza. Ukikubali kushusha, basi bajeti ni springi, shokapu zinazoendana nazo, na alaimenti. Moja bila mengine ni kutupa pesa.

Kuna na mtindo wa kukata springi kwa grenda. Huo tunaukataa bila mjadala. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu linapoinuka, na hakuna bei nafuu inayofidia hilo.

Fikiria pia Desemba. Gari lililoshushwa linapimwa likiwa tupu mbele ya gereji. Safari ya kijijini ni watu watano na mizigo, linashuka tena, na matuta ya njiani mengine hayana hata alama. Hapo bomba la moshi na sampu ndivyo vinavyotangulia kugusa tuta.

Kama gari unalo huko huko uliko, sheria nayo inaingia. Uingereza, kashata isiwe chini ya milimita 1.6, na bima lazima iambiwe ukibadilisha rimu au kushusha. Ukinyamaza, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa. Ghuba, uliza kabla ya kufunga kitu, maana gari litakwenda kukaguliwa.

Kipimo chetu cha mwisho ni hiki. Ukishatuma pesa ya nyumbani na kuweka akiba yako, je, unabaki na uwezo wa kununua tena rimu moja na tairi moja kesho asubuhi? Kama huwezi, rimu hizo zimekuzidi. Nunua matairi manne mazuri yenye tarehe mpya, badilisha shokapu zilizochoka, pima upepo kila mwezi. Mdogo wako ataona umembania. Mwache anune, breki zikishikwa kwenye mvua, gari lisimame mahali pake.