Toba ni ya mja, sitara ni yetu sote

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kupokea toba na Mwenye kusitiri aibu za waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ijumaa hii tunaileta mbele ya familia za Kiislamu habari ya mwigizaji wa Misri, Shams al-Baroudi. Katika miaka ya 1960 na 1970 sura yake ilijaa kwenye kumbi za sinema za Cairo na miji mingine ya Kiarabu, na katika filamu zake kadhaa alitakiwa kuonesha yale ambayo mwanamke wa Kiislamu ameamrishwa kuyafunika. Mwaka 1982, akiwa katika kilele cha umaarufu, alisafiri na baba yake kwenda Makka kufanya umra. Aliporejea alivaa hijabu na kuiacha kazi hiyo. Baadaye simulizi ya maisha yake ilitolewa katika kijitabu, kikaeleza safari yake ya kutoka gizani kwenda kwenye nuru. Kiini cha simulizi hiyo ni usiku wake wa Makka na moyo uliogeuka.

Hakuwa peke yake. Shadia, mwigizaji na mwimbaji aliyecheza filamu zipatazo mia moja, naye aliacha fani katikati ya miaka ya 1980. Akaishi kimya katika ibada na kuwasaidia mayatima mpaka alipofariki tarehe 28 Novemba 2017. Katika miaka hiyo ya 1980 na ya 1990 wasanii wa kike wengi wa Misri walifuata njia hiyo, hata magazeti yakawapa jina la wasanii waliotubu.

Je, walipokelewa kwa furaha? Wengine waliwafurahia. Lakini zilizagaa tuhuma kwamba wamelipwa fedha kutoka nchi za Ghuba ili wavae hijabu, nao wakakanusha. Shams al-Baroudi alitangaza wazi kujitenga na filamu zake za zamani. Hata hivyo filamu hizo zimebaki, na wapo wanaozitazama hadi leo. Sisi hatutazitaja kwa majina, maana kufanya hivyo ni kumwongoza msomaji kwenye jambo ambalo mwenyewe amelikimbia.

Hapo ndipo lilipo funzo tunalotaka kulizungumza. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratuz-Zumar, aya ya 53, kwamba waliozidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema Yake, kwani Yeye husamehe dhambi zote. Katika Suratul-Furqaan, aya ya 70, ameahidi kuyabadilisha maovu ya mwenye kutubia, akaamini na kutenda mema, yakawa mema. Basi mbele ya Mola, daftari la mja hufutwa. Picha iliyobaki mikononi mwa watu haifutwi na toba ya mja huyo. Kuifuta ni kazi yetu sisi tulioishika.

Msomaji wetu wa Mnyambe, kule Newala juu ya uwanda wa Makonde, anaweza kuuliza: Cairo na sisi wapi na wapi? Tunamjibu kwamba umbali huo umekwisha siku nyingi. Zamani filamu ilifuatwa kwenye banda la video, kwa kiingilio, na mzee aliyepita njiani aliweza kumwona mtoto wake akiingia. Leo, msimu wa korosho ukifika na malipo ya mnada yakatoka, simu mpya huingia nyumbani, na banda lile lote limo ndani ya kiganja cha kijana. Tena simu hiyo haioneshi tu, bali inapiga picha vilevile. Binti wa miaka kumi na saba anayecheza mbele yake kwa dakika moja anaweza kuonekana na watu ambao hatawajua maisha yake yote. Kesho akijuta, amrudie nani kuiomba picha yake?

Wapo pia mabinti wanaoshuka kutoka uwandani kwenda Dar es Salaam wakiutafuta umaarufu wa filamu, wakidhani umaarufu ni utajiri na ni kinga. Haukuwa kinga kwa marehemu Juma Kilowoko, maarufu Sajuki, aliyechangiwa na wananchi ili akatibiwe India, na ambaye alifariki tarehe 2 Januari 2013. Mkewe, mwigizaji Wastara Juma, ambaye alikuwa amekwisha kupoteza mguu kwa ajali, akabaki mjane. Hatuwataji kwa ubaya, bali kwa heshima na dua. Tunataka vijana wetu wajue kwamba nyuma ya sura inayong'aa kuna mwanadamu anayeumwa, anayefiwa na anayehitaji watu wake.

Watu wa Kusini hawahitaji mgeni wa kuwafundisha maana ya sitara. Mwali akichezwa unyago, anayofundishwa na somo wake hayatoki nje, na mwenye kuyatangaza barabarani huonekana hana adabu. Iweje basi siri ya mwali mmoja ilindwe na kijiji kizima, halafu aibu ya binti wa jirani ipitishwe kutoka simu hadi simu kabla ya swala ya adhuhuri?

Mwenyezi Mungu ametoa onyo kali katika Suratun-Nuur, aya ya 19, kwa wanaopenda uchafu uenee miongoni mwa walioamini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Alipoletwa mtu aliyeadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi, na mmoja wa waliokuwepo akamlaani, Mtume alikataza, akawataka wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Ikiwa hivyo ndivyo alivyotendewa aliyerudia kosa, vipi yule aliyekwisha kuliacha?

Kwa hiyo tunaziusia familia zetu mambo matatu. Kwanza, wazazi wazungumze na watoto wao kuhusu simu kabla ya kuwanunulia, wala si baada ya fedheha. Binti aelezwe kwa upole kwamba picha ikitoka haina marejeo, na kijana wa kiume aelezwe kwamba kuitunza na kuisambaza picha ya aibu ya mwenziwe ni dhambi iliyo juu ya shingo yake yeye. Pili, picha au video ya aina hiyo ikitufikia, iishie kwetu. Tuifute, tusimwoneshe hata rafiki wa karibu kwa kisingizio cha kumhadharisha. Tatu, binti akirudi nyumbani, awe ametoka mjini au amejifungia chumbani kwa haya, mlango uwe wazi. Apewe nafasi kwenye jamvi la wanawake msikitini na katika darsa, kama wenzake. Asiulizwe habari za zamani, na wala asilazimishwe kusimama na kusimulia ili wengine wapate mawaidha. Shams al-Baroudi alisimulia kwa hiari yake. Mwenye kunyamaza naye toba yake ni toba.

Tunahofia kwamba wengi waliotaka kurudi walishindwa, si kwa kuukosa msamaha wa Mola wao, bali kwa kuziogopa ndimi za majirani. Kila familia na ijiulize: binti yetu akigonga usiku wa leo, atamkuta nani mlangoni?

Ewe Mola wetu, tusitirie aibu zetu, utujaalie kuwa sitara kwa wenzetu, na uwapokee wote wanaorejea Kwako. Amin.