Analialia au analilia?

MANENO YA MTAA
Na Bi. Kidawa

Siku hizi ukitaka kumnyamazisha mtu bila kumjibu, huhitaji elimu wala ushahidi. Mwambie: "Acha kulialia." Mpangaji akidai risiti ya kodi, analialia. Muuguzi akiulizia malipo ya zamu za usiku, analialia. Kijana akisema ajira hakuna, vijana wa siku hizi kwa kulialia!

Kiswahili kikirudia kitenzi, mara nyingi hukipunguzia uzito. Anayecheka kuna lililomfurahisha. Anayechekacheka hata mwenyewe hajui. Anayesema ana neno. Anayesemasema ana mdomo. Na anayelialia ni yule ambaye machozi humlengalenga muda wote, ukimgusa tu kidevu kinaanza kutetemeka. Kwa mtoto mwenye deko neno hili halina ubaya. Mama humwambia mwanawe huku akimfuta kamasi, na maisha yanaendelea.

Ubaya ulianza neno lilipoingia maofisini na kuwavaa watu wazima. Litazame pembeni mwa jirani yake, kulilia. Sauti zinakaribiana, lakini anayelilia ana kitu anachokililia. Waliosema mtoto akililia wembe mpe hawakumwona mtoto huyo kuwa na busara, ila walikubali kwamba wembe upo na anautaka. Anayelialia hana wembe. Kitenzi chake husimama peke yake, na ukishavishwa hicho, dai lako limefutwa kabla halijasikilizwa.

Tuna na kulizwa, ambako mtaani ni kutapeliwa. Mama ntilie analizwa mtaji wake na matapeli wa simu, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anakwenda kushtaki, anaulizwa kwa nini hakuwa makini. Anarudi tena, anaambiwa asije kulialia hapo. Aliyelizwa, kwa sarufi yenyewe, ana aliyemliza. Akigeuzwa kuwa mlialiaji, tapeli anatoweka katika sentensi, na aliyebaki wa kujieleza ni mama ntilie.

Cheo nacho huchagua kitenzi. Januari 2009, aliyekuwa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitokwa na machozi bungeni Dodoma alipokuwa akifafanua kauli yake kuhusu wauaji wa watu wenye ualbino. Jambo lilikuwa zito na machozi yalikuwa na sababu. Lakini familia zilizokuwa zikizika wapendwa wao zilikuwa zimeanza kulia kabla yake, na vilio vyao havikuwa na kipaza sauti. Mkubwa akilia tunauliza kimemliza nini. Mdogo akilia tunamuuliza atanyamaza lini.

Sisemi neno litupwe, maana wenyewe wapo. Kiongozi wa klabu anayemshukia mwamuzi kila timu yake ikifungwa, kisha akakaa kimya siku inapobebwa, huyo analialia, na neno limemkaa kama jezi. Yupo pia mtu aliyekwisha kusikilizwa, akajibiwa, akaonyeshwa na nyaraka, lakini kesho asubuhi yuko mlangoni na malalamiko yaleyale.

Kabla ya kumvisha mtu neno hili, basi, tumuulize: unalilia nini? Akikosa la kusema, shauri yake. Akilitaja, anastahili jibu, hata likiwa chungu. Muuguzi akiambiwa kwamba fedha za zamu hazijaingia, hilo ni jibu. Anaweza kuuliza zitaingia lini, na zisipoingia akapeleka dai lake ngazi ya juu. "Acha kulialia" haina tarehe, haina sahihi wala pa kukatia rufaa. Ndiyo maana wenye ofisi wanaipenda.