Kazi Ifanywayo Nyumbani

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, Serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wao kufanya kazi majumbani. Hofu ile imekwisha, lakini desturi imebaki, na leo wapo vijana ambao ofisi yao ni pembe ya chumba cha kulala.

Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao, wala hatuoni haya kukiri: mwezi wa kwanza hatukufanya kazi ya maana. Asubuhi tulijiambia siku ni ndefu. Mchana tulitumwa sokoni, tukapokea wageni. Usiku, watoto wamelala, ndipo tukaanza kuandika kwa macho mazito. Mshahara tuliupokea kamili, na hapo roho ikatusuta, kwani saa zile tulikwisha kuziuza. Zilikuwa amana ya watu mikononi mwetu.

Dawa hatukuipata mbali. Nyumba ile ile mama yetu alikuwa akishona kofia ya viua, kazi aifanyayo tangu sisi wadogo, na hakuna aliyepata kuiita kazi kwa kuwa haina ofisi. Tukamtazama. Sindano na uzi huviweka tayari tangu usiku. Akisha kuswali alfajiri na kunywa chai, hukaa mkekani penye mwanga, mahali pale pale kila siku, asiondoke mpaka amalize sehemu aliyoikusudia. Jirani akipiga hodi humkaribisha, lakini mkono hausimami. Baada ya alasiri haigusi tena, maana macho yaliyochoka huharibu viua, na kufumua ni kazi mara mbili.

Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hutanuka mpaka ikajaza muda wote iliopewa. Mama hakumsoma Parkinson, ila kazi yake ameiwekea mpaka. Nasi Waislamu mipaka tunayo, kwani swala tano zaigawa siku. Kabla ya adhuhuri na ifanywe kazi iliyo ngumu, simu ikiwa mbali. Baada yake barua na mazungumzo. Ikiingia magharibi, nyumba ipewe haki yake.

Nanyi wazazi, kijana akaaye mbele ya kompyuta si lazima awe yuko bure. Mwulizeni saa zake, kisha mwachieni. Nawe kijana, usiseme "nina kazi" hali watazama mchezo. Siku wakikugundua hawatakuamini tena. Wala asisahauliwe dada, ambaye hutakiwa afanye kazi ya mwajiri na ya jikoni kwa saa moja. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Basi ni nani kati yetu aliye mkubwa hata ashindwe kuosha vyombo?

Makala haya tumeyamaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Wabillahi taufiki.