Sukari ya mimba: tone la damu kabla ya chai

Ugonjwa wa sukari wa mimba ni kupanda kwa sukari katika damu ya mwanamke ambaye hakuwa na tatizo hilo kabla ya kubeba mimba. Soda na mandazi huuzidisha, lakini chanzo chake ni kondo la nyuma. Kuanzia mwezi wa tano hivi, kondo humwaga homoni zinazoidhoofisha insulini ya mama, ili sukari ikae damuni kwa muda mrefu zaidi na mtoto apate riziki yake. Kwa akina mama wengi kongosho hujibu kwa kuongeza insulini. Likielemewa, sukari hupanda, tena kimyakimya, maana kiu, uchovu na kukojoa mara kwa mara ni mambo ya kila mjamzito. Mama wa Katindo, mjini Goma, anaweza kuhudhuria CPN (kliniki ya wajawazito) zote, akapimwa presha na kilo, na sukari yake isionekane kama hakuna aliyeitafuta damuni.

Kipimo kamili hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hufika asubuhi akiwa hajala wala kunywa chai kwa muda wa saa 8 au zaidi. Hutolewa damu, kisha hupewa gramu 75 za glukozi katika gilasi ya maji na kuimaliza ndani ya dakika 5. Utamu wake hukaba koo, na akitapika kazi yote hurudiwa siku nyingine. Baada ya hapo huketi kwenye benchi saa mbili nzima. Kutoka kidogo kwenda sokoni hakuruhusiwi, kwa sababu misuli inayotembea huchoma sukari na jibu huwa la uongo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, ili mama ahesabiwe kuwa na sukari ya mimba inatosha namba moja kufika 92 kabla ya kunywa, 180 baada ya saa moja, au 153 baada ya saa mbili, kwa miligramu katika desilita ya damu.

Namba hizo zilitokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wajawazito wapatao 25,000 katika nchi tisa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya bara la Afrika. Hiyo si sababu ya kuzitupa, kwani utafiti ulionyesha kwamba madhara huongezeka hatua kwa hatua kadiri sukari inavyopanda. Ni sababu ya kudai kwamba watoto wanaozaliwa Goma nao wapimwe, wahesabiwe na waandikwe.

Ugumu uko kwenye vifaa. Kituo kidogo cha afya mara nyingi hakina glukozi iliyopimwa wala bandeleti tatu za kupimia damu ya mama mmoja. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na benki nazo zikafunga milango, kila kinachoagizwa kutoka mbali kimekuwa kigumu kupatikana. Njia ya mkato inayotumika sana, kipimo cha mkojo, haifai: figo za mjamzito huvujisha sukari hata ya damu ikiwa sawa, na mkojo safi haumaanishi damu safi. Kilicho bora kuliko hicho ni tone moja la damu ya asubuhi kabla ya kula, kwa mashine ndogo na bandeleti moja. Litawakosa baadhi ya akina mama, ila litawapata wengine ambao leo hawapatwi kabisa. Jibu lake lingestahili kuandikwa kwenye fishi ya CPN kando ya presha. Likifika 126, yaelekea sukari ilikuwapo hata kabla ya mimba, na mama apelekwe hospitali bila kungoja.

Matibabu huanzia sahanini. Bugali wa muhogo ni wanga mtupu, lakini hakuna haja ya kuufukuza nyumbani. Donge liwe kubwa kama ngumi ya mama mwenyewe, nusu ya sahani iwe lengalenga, sombe au kabichi, na sehemu iliyobaki iwe maharagi au sambaza, wale samaki wadogo walioletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya 1950. Kwa familia iliyokimbia vita, inayokula kinachopatikana, kumwambia mama achague chakula ni kumwonea. Kinachowezekana ni kuanza na maharagi na mboga kabla ya bugali, kugawa chakula mara nyingi kidogokidogo, na kutembea dakika 15 baada ya kula. Kujinyima kwa hofu ni hatari kwake na kwa mtoto.

Shabaha ni chini ya 95 kabla ya kula na chini ya 140 saa moja baada ya kula. Isipofikiwa ndani ya wiki moja au mbili, dawa huanzishwa, na insulini ndiyo iliyozoeleka. Wengi huiogopa kama dalili ya mwisho, ilhali haivuki kondo kumfikia mtoto, na kwa kawaida huachwa siku ya kujifungua. Umeme ukikatika, baridi ya Goma husaidia: chupa iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne nje ya friji ikiwekwa mbali na jua na mbabula.

Sukari isipodhibitiwa, mtoto hunenepa mabegani. Kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele, lakini bega linaweza kukwama njiani kichwa kikiwa kimeshatoka. Mtoto huyo pia amezoea kutengeneza insulini nyingi. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ghafla huku insulini ikiendelea, naye hulegea au kutetemeka. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari kwa tone la damu ya kisigino.

Kwa mama, sukari kwa kawaida hushuka kondo likitoka, lakini uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu baadaye huzidi wa wengine zaidi ya mara 7. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Chanjo za mtoto za wiki ya 6 na ya 10 huangukia humo humo, na mama huwa tayari yuko kwenye benchi la kituo.