Kisiwa tunachokiona kila siku



Kila tunapogawana akiba ya kikundi, pesa ina njia yake: masomo ya watoto, mabati, mbegu. Safari hii tuliweka kidogo pembeni kwa jambo moja tu: kwenda kutazama.

Aliyetusukuma ni mama mmoja kati yetu, wa miaka 60. Toka utoto anakiona kisiwa cha Idjwi kutoka mlimani kwao Kabare. Mananasi ya kule anayanunua sokoni, lakini mguu wake haujafika. Alituuliza, "Nitakufa nikijua nanasi tu?" Hakuna aliyepata jibu.

Motokari hatuna. Tulikwenda kama watu wote: basi dogo mpaka bandarini Bukavu, boti, kisha pikipiki na miguu.

Siku ya tano hatukuvuka. Boti tuliyoikuta ilikuwa imejaa magunia na watu, na jile za kuokolea zilikuwa chache. Mkata tiketi alisema maji yametulia, tusiogope. Sisi tukakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na Kituku, Goma, imebaki kidogo ifike. Wengine wetu wakanung'unika: tumeaga bwana zetu, tumepika chakula cha njiani, turudi na aibu? Mama yule, mwenye hamu kuliko sisi wote, ndiye aliyetangulia kushuka. Akasema, "Kisiwa kimeningoja miaka 60. Kitaningoja mpaka kesho."

Siku ya posho tulipata boti nyingine, kila mtu na jile yake. Ziwa Kivu lenyewe liko juu, karibu metre 1.460, hivyo upepo wa asubuhi ni baridi. Aliyebeba sweta alishukuru.

Idjwi ni milima toka maji mpaka juu. Tulipanda polepole kati ya migomba, mihogo, kahawa na mananasi. Pale juu, upande wa mashariki tuliona Rwanda. Upande wa magharibi Kahuzi, mlima wa metre 3.308, umevaa mawingu. Mama yetu hakutazama Kahuzi. Alikuwa akitafuta kilima chao. Alipokiona alinyamaza kitambo, kisha akacheka: "Kumbe kwetu ni kadogo hivi!"

Tukishuka tulikutana na wamama wenye mananasi kichwani, wanaelekea bandarini. Tuliwahadithia kwa majivuno kidogo namna tulivyokataa boti iliyojaa. Mmoja akatujibu kwa upole, "Ninyi mulikuwa munaenda kutazama. Mimi nikishuka, mananasi yanaoza, na watoto wanalala njaa."

Neno hilo lilirudi nasi nyumbani. Kukataa boti mbaya ni haki ya kila mtu, lakini kwa mama mchuuzi haki hiyo ina bei. Basi tumekata shauri katika kikundi: kila mama wetu anayefanya biashara ya ziwani atakopeshwa pesa ya kununua jile yake mwenyewe, kabla ya mkopo wa bidhaa. Na bandarini tutauliza jile kila mara, kwa sauti, hata siku ambayo hatusafiri.

Kwa vikundi vinavyotaka kwenda: ulizeni siku za boti mbele, wala musipange kurudi siku ileile. Pesa ya kurudi afunge mama mmoja kwenye kitenge, isiguswe. Bei ya pikipiki mupatane kabla ya kupanda. Na mubakishe siku moja ya ziada, ili boti ikiwa mbaya muweze kushuka bila kuhesabu hasara.

Mama yetu alirudi na mananasi mawili. Kwa mara ya kwanza, anajua shamba yalikotoka.