Marehemu na Jehanamu: Je, Hukumu ya Makaburini ni ya Haki?

Ahudhuriaye mazishi katika viunga vya Thika na Ruiru huenda akasikia kauli mbili zisizopatana. Msomaji wa wasifu humwita aliyefariki "marehemu". Muda si muda, mhubiri hutwaa kipaza sauti na kudokeza kwamba aliyelazwa jenezani, kwa kuwa hakuokoka, amekwisha kupotea. Neno la kwanza, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni aliyerehemiwa. Kauli ya pili inamnyima rehema hiyo hiyo mbele ya mjane na mayatima wake. Makala haya yanashikilia kwamba lugha yetu imemtendea mfu haki kuliko mhubiri huyo, na kwamba hata Maandiko anayoyategemea hayampi idhini ya kutoa hukumu ile.

Tuanze na historia ya mahali penyewe. Baina ya 1898 na 1900, nchi ya Wagikuyu ilikumbwa na njaa kuu iliyoandamana na ndui, na watu wengi mno wakafa. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899; ilifika Thika mwaka 1913. Misheni nazo zilienea katika eneo hili mwanzoni mwa karne ya 20: Gospel Missionary Society huko Kambui, Mapadri wa Roho Mtakatifu huko Mang'u. Chukua basi mzee aliyekufa kwa njaa mwaka 1899 pasi na kuisikia Injili, na mjukuu wake aliyezaliwa miaka kumi baadaye, akasoma na kubatizwa Kambui. Iwapo babu yuko motoni na mjukuu yuko peponi, kinachowatenga si dhambi wala wema, bali ni tarehe ya kuzaliwa. Hakimu akimfunga mtu kwa kuvunja sheria ambayo haikutangazwa popote, tutasema ameonea. Vipi basi tumnasibishie Mungu mwenye haki tendo ambalo ni aibu kwa hakimu?

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya ziada ya kulichunguza suala hili. "Jehanamu" ilitufikia kupitia Kiarabu, na chimbuko lake ni bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu. "Kuzimu", kwa upande wake, ni neno la Kibantu lenye shina moja na "mzimu": yalikuwa makao ya waliotangulia, si tanuri. Wafasiri wa Biblia walilitumia kwa makao ya wafu. Wahubiri wakalichanganya na jehanamu, na kwao mababu pakageuka kuwa mahali pa mateso. Katika Kigikuyu, "ngoma", yaani roho za wahenga, zilipatwa na yayo hayo: vinywani mwa waumini zikawa pepo wachafu. Kwa hivyo kabla hoja yoyote ya kiteolojia haijatolewa, msamiati ulikuwa umekwisha kuwahukumu wazee wetu.

Yapo mapingamizi mawili mazito. La kwanza ni kwamba pasipo jehanamu, dhalimu ataponyoka. Hoja hii haipuuziki. Katika mashamba ya walowezi, ya kahawa huko Ruiru na ya mkonge huko Thika, vibarua walifanya kazi wakiwa na kipande shingoni. Mnyonge wa aina hiyo ana haki ya kutumaini mahakama iliyo juu ya mahakama za duniani. Lakini mafundisho kwamba kukiri dini ndiko pekee kunakookoa humwachilia mlowezi aliyebatizwa na kumfunga kibarua asiyejua kusoma. Atakaye haki kwa mnyonge hana budi kuyakataa.

La pili ni kwamba Mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, hawapi udhuru wasiomjua Mungu. Ni kweli; ila sura ya pili ya waraka uo huo inazungumzia sheria iliyoandikwa mioyoni mwa watu wasio na Torati. Nayo sura ya 25 ya Injili ya Mathayo inapowatenga kondoo na mbuzi, haiulizi nani aliungama nini. Inauliza nani alimlisha mwenye njaa. Kama yupo aliyegawa ndizi zake za mwisho mwaka 1899, kipimo hicho kinamhusu. Kanisa Katoliki nalo, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, lilikiri kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao wanaweza kuupata wokovu.

Huenda mhubiri akajibu kwamba mfu wa leo wa Ruiru si mzee wa 1899: alisikia, akakataa. Lakini alisikia nini, na kutoka kwa nani? Aliyelijua kanisa kwa michango isiyokwisha na vitisho vya moto huenda alivikataa hivyo, si Injili. Lililokuwa moyoni mwake saa ya mwisho hakuna mwombolezaji alijuaye. Kanisa Katoliki limewatangaza watakatifu wengi kwa majina, lakini halijawahi kumtangaza rasmi mtu yeyote kwa jina kuwa yuko jehanamu. Vipi mhubiri wa mtaani athubutu, tena kwa dakika kumi alizopewa katika ratiba?

Hatusemi kwamba hukumu haipo, wala hatumkatazi mtu kuhubiri toba kwa walio hai. Tunasema kwamba kaburi si kizimba, na aliyelazwa humo hawezi kujitetea. Wahubiri wawafariji wafiwa na wamwachie Mungu kesi iliyo yake. Nasi wasomi wa Kiswahili tuwakumbushe maana ya neno wanalolitamka kila Jumamosi makaburini bila kulisikiliza.