Robine ya kanisa na kasha lake



Goma iko kando ya Ziwa Kivu, lakini watu wake wengi wanahangaika kupata maji ya kunywa. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkeno, na maji ya bomba yanavutwa toka ziwani kwa mashini za umeme. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tanki na mabomba, mitaa mingi ikakauka. Januari 2025 vita ilipokata umeme, watu walirudi ziwani na bidoni.

Shida hiyo haipigi wote sawasawa. Mwenye bomba nyumbani na tanki yake ananawa hata siku ya ukavu. Mama asiye na bomba ananunua bidoni moja moja, na kila mkono unaoipitisha, mpaka ule wa mwenye chukudu, unaongeza bei. Hivi maskini ndiye anayelipa zaidi kwa litri moja. Akikosa franka, anachota ziwani, kule mvua inakoshusha takataka na uchafu wa vyoo, kwa maana katika mawe yale ni vigumu kuchimba shimo refu. Ndiyo njia ya kipindupindu. Mwaka 1994 kiliua maelfu na maelfu ya wakimbizi hapa. Kinaanza kwa maskini, lakini hakibaki kwao.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya maji ya kunywa. Sheria ya maji ya 2015 iliondoa hali ya REGIDESO kuwa peke yake. Serikali ina deni lake, tusiache kulidai. Lakini sisi pia tuna robine katika parokia zetu. Ngapi zilifunguliwa kwa nyimbo, na leo zimekauka?

Mara nyingi ugonjwa uko katika kasha. Wengine walisema maji ya kanisa ni bure. Kipande kilipovunjika, hakukuwa na makuta ya kununua kingine. Wengine waliuza maji, makuta yakaingia katika kazi nyingine, na mjane akafukuzwa kwenye mstari.

Katika Mwanzo 26, Isaka alifukua tena visima vya baba yake vilivyofukiwa. Kutunza kisima cha jana ni kazi ya imani sawa na kuchimba kipya.

Basi tufanye hivi. Bei iwe ndogo na ijulikane na wote. Kasha la maji liwe mbali na sadaka. Hesabu isomwe mbele ya mtaa mzima, hata kwa wasio waumini wetu. Wamama wanaochota wawe ndani ya komite. Na wajane, walemavu na wakimbizi wasioweza kulipa wachote. Sehemu yao ilipwe na diakonia, ili huruma yetu isiue robine.

Jumapili hii, wazee wa kanisa, tuulizane: kasha la robine yetu liko wapi, na nani anarudi nyumbani na bidoni tupu?